Hofu nayo ni fasihi
Kijana wa Kibuyuni anayeandika riwaya yake ya kwanza ya kutisha hana haja ya kuazima mizuka ya Ulaya. Jirani yake yapo mapango ya Shimoni, ambamo inasimuliwa kuwa watumwa walifungwa minyororo wakingojea majahazi. Kizingiti chake ni mchapishaji, ambaye soko lake kuu ni shule, na shule haitahini hofu.

Muhammed Said Abdulla alipitia mlango mwingine. Riwaya yake ya kwanza, *Mzimu wa Watu wa Kale*, ilishinda mashindano ya uandishi ya 1957-58, ikachapishwa mwaka 1960. Basi Kaunti ya Kwale nayo ianzishe mashindano ya miswada, na zawadi iwe kuchapishwa. Lugha isiyoruhusiwa kutisha itabaki ya darasani.