Bei ya esansi mashariki: tuonyeshwe hesabu kabla ya kumlaumu kadafi

Kila mara bei ya esansi inapopanda huku mashariki, wa kwanza kulaumiwa ni kadafi, yule kijana mwenye bidoni na chupa kando ya barabara. Wa pili ni motari aliyeongeza bei ya safari. Kisha mkubwa fulani anapita redioni na kusema bei irudi pale ilikuwa, la sivyo stasio zitafungwa. Siku mbili tatu pampu zinanyamaza, maana hakuna mwenye kutaka kuuza kwa hasara, na esansi inabaki kwa kadafi peke yake, kwa bei ya juu kuliko ile iliyoleta kelele. Mchezo huu tunaujua.

Mimi naona tunamuuliza mtu asiye na jibu. Kadafi ni wa mwisho kwenye mnyororo mrefu. Anajua alinunua bei gani asubuhi, basi.

Tuanze na njia. Kwa mambo ya mafuta, serkali imeigawanya Kongo katika kanda: Magharibi, Kaskazini, Kusini na Mashariki, na kila kanda ina bei yake kwenye karatasi. Kinshasa inalishwa na bahari ya Atlantiki: meli, matanki ya Ango-Ango pale Matadi, kisha bomba mpaka mji mkuu. Sisi mafuta yetu yanashuka upande mwingine wa Afrika, Mombasa ao Dar es Salaam. Yale ya Beni na Butembo yanavuka Kenya na Uganda nzima, kwa bomba mpaka magharibi ya Kenya, kisha kwa magari, mpaka Mpondwe na Kasindi. Ni zaidi ya kilometa 1,500 kabla lita moja haijagusa udongo wa Kongo. Yale ya Dar es Salaam yanapita Rwanda kufika Goma na Bukavu, ao yanashuka Kigoma na kuvuka ziwa Tanganyika kwenda Uvira na Kalemie.

Kwa hiyo bei yetu inabeba magonjwa ya majirani. Kampala ikikosa mafuta, Butembo inakosa. Mpaka ukifungwa siku tatu, tunaona foleni. Bunagana ilipoanguka mikononi mwa M23 mwezi wa sita 2022, mlango mmoja wa Uganda kuelekea Goma ulifungwa kwa biashara ya kawaida. Goma yenyewe ikaanguka mwishoni mwa mwezi wa kwanza 2025, na Bukavu katikati ya mwezi wa pili. Banki zikafunga, na mwenye kutafuta dola za kulipa mafuta ng'ambo akabaki na wabadilisha feza wa barabarani. Esansi inanunuliwa kwa dola, motari analipwa kwa franka. Pengo hilo naye mteja ndiye analipa.

Watu wanapenda kusema: ni soko la dunia. Mara nyingine ni kweli. Mwaka 2022, vita vya Ukraine vilipoanza, pipa la mafuta ghafi lilipita dola 120 na kila inchi ililia. Lakini hesabu yake si ngumu, na kila msomaji anaweza kuifanya kwenye telefoni yake. Pipa moja ni lita 159. Likipanda dola 10, kila lita imepanda senti 6 hivi za dola. Tukihesabu dola moja kwa franka 2,500, hiyo ni kama franka 150, kabla ya kodi. Sasa, kama esansi mtaani kwako imepanda franka 1,000 kwa wiki moja, na pipa la dunia limetikisika kwa dola mbili tu, yule anayekuambia soko la dunia anakudanganya, ao hajui naye. Kuna kitu kingine kati ya Mombasa na chupa yako.

Kitu hicho kina majina mengi. Kuna ushuru wa forodha, kuna kodi ya matumizi, kuna TVA ya asilimia 16, kuna sehemu ya FONER ya kutengeneza barabara, na huduma nyingine za serkali zinazosubiri pale mpakani, kila moja na karatasi yake. Halafu jimbo linaweka yake. Sisemi kodi zote ni mbaya. Inchi isiyotoza mafuta itatoza nini? Ila uliza mwenye gari la mizigo anayetoka Butembo kwenda Kanyabayonga wakati wa mvua kama ameiona hiyo barabara aliyoilipia ndani ya kila lita.

Halafu kuna bariere. Mwaka 2017 watafiti wa IPIS, shirika la Ubelgiji, walihesabu bariere 798 ndani ya Kivu mbili: za jeshi, za polisi, za huduma za serkali, za makundi yenye silaha. Lakini hapa tunapaswa kuhesabu vizuri, maana bariere haimli kila mtu sawasawa. Tuchukue gari lenye lita 35,000. Likiacha dola 100 njiani, hiyo ni franka 7 tu kwa lita, hakuna atakayeisikia. Sasa chukua kijana wa pikipiki anayepeleka bidoni nne za lita 20 kijijini. Akipita bariere tano na kuacha franka 2,000 kila mahali, ameacha 10,000 kwa lita 80. Hiyo ni franka 125 juu ya kila lita. Ndiyo sababu mashini ya kusaga unga kule ndani ya Lubero ao Walikale inalipa esansi ghali kuliko gari ya mkubwa mjini, na mama anayesaga mihogo yake anailipa bila kujua kwamba amelipa bariere.

Gari kubwa lenyewe linaumizwa na kitu kingine: siku. Likilala siku kumi mpakani kwa karatasi, ao likisubiri msindikizo wa askari juu ya ADF, dereva anakula, mkopo unahesabu, na safari tatu za mwezi zinakuwa moja. Mwezi wa sita 2021 marais Tshisekedi na Museveni walizindua kazi za barabara ya Kasindi–Beni, kilometa 80, pamoja na Beni–Butembo, kilometa 54. Kila kilometa inayokamilika pale inasaidia bei kuliko matangazo kumi ya redio.

Wengine watajibu: serkali isaidie, kama inavyofanya Kinshasa. Ni kweli Hazina imelipa kampuni za mafuta tofauti kati ya bei ya kweli na bei iliyowekwa, na mwaka 2022 mzigo huo ulifika mamia ya milioni ya dola. Mimi sitaki tuombe hiyo. Ruzuku inaingia kwa kampuni kubwa zenye stasio na vitabu vya hesabu. Mtu anayenunua kwa chupa pale Oicha hataiona, na mafuta ya bei ya chini yana miguu, yanatafuta mpaka. Wengine tena wanasema tunayo mafuta yetu. Ndiyo, Muanda wanachimba kila siku, lakini yanauzwa nje yakiwa ghafi, na kiwanda cha SOCIR kiliacha kusafisha tangu zaidi ya miaka ishirini. Uganda naye aligundua mafuta ya ziwa Albert mwaka 2006, na miaka karibu ishirini baadaye alikuwa bado ananunua esansi yake nje kama sisi. Kuwa na mafuta chini ya udongo hakujazi bidoni.

Ninachotaka ni kidogo, na majirani wanacho. Kenya, kila tarehe 14 ya mwezi, mamlaka ya EPRA inatangaza bei mji kwa mji: unajua Mombasa ni ngapi, na Mandera kule mbali ni ngapi, na sehemu gani ni kodi. Tanzania, EWURA inafanya hivyo jumatano ya kwanza ya mwezi. Rwanda wana RURA. Wakenya wanalalamika juu ya bei zao kama sisi, lakini wanalalamika na tarakimu mkononi. Sisi Wizara ya Uchumi inatoa muundo wa bei kwa kanda nzima, bila siku inayojulikana, na ndani ya kanda hiyo Kasindi iliyo mpakani na kijiji kilicho siku mbili ndani ya pori vinahesabiwa sawasawa. Karatasi ya namna hiyo haimlindi mteja. Inampa tu askari sababu ya kukamata bidoni.

Tangu mwezi wa saba 2022 Kongo ni mwanachama kamili wa Jumuiya ya Afrika Mashariki. Basi tuanze na kuiga hiyo tarehe moja ya mwezi. Kibao kimoja Kasindi, kimoja Mahagi, kimoja Uvira: esansi imefika mpakani kwa bei hii, forodha imechukua hii, FONER hii, jimbo hii, usafirishaji mpaka Beni, Bunia ao Fizi ni hii. Mwenye kuuza juu ya hapo ajieleze, na mwenye kudai feza isiyo kwenye kibao, hata kama amevaa uniforme, ajieleze naye.

Kikao cha bajeti cha Bunge kinafunguliwa tarehe 15 mwezi wa tisa. Wabunge wa Beni, Lubero, Irumu na Mahagi wanaweza kumuuliza Waziri wa Uchumi swali hili kwa maandishi, na kudai ajibu kwa tarakimu, lita kwa lita.