Ualimu si Ngazi ya Ukubwa

Wapo wenye kasumba ya kudhani kwamba ualimu ni ngazi tu: mtu huipanda, na akishaufikia ukubwa huipiga teke. Fikra hiyo ni potofu, na Tunduma inaisuta.

Mwaka 1955 Julius Nyerere aliacha mshahara wa ualimu pale Pugu ili aitumikie TANU. Hakufuata shibe, maana TANU haikuwa na mali. Kenneth Kaunda wa Zambia naye alikuwa mwalimu, huko Lubwa. Mataifa ya Magharibi yalipokataa kugharimia reli yao, yakidai haina faida, walimu hawa wawili hawakupiga magoti. Kwa mkopo wa China, reli ya kilometa 1,860 ilijengwa kati ya 1970 na 1975, ikavuka mpaka hapo Tunduma.

Nyerere aliitwa Mwalimu hadi alipofariki mwaka 1999, kwa kuwa hakuacha kufundisha. Alibadili darasa tu. Basi mwalimu wa Songwe anayeutamani ubunge na ajiulize: anakwenda kuwafundisha wananchi, au anawakimbia wanafunzi? Kama anakimbia, Bunge halimhitaji, na darasa limekwisha kumpoteza.