NDEGE YA KUKODI: TUONYESHENI RISITI

1.
Leo nesi wenu wa Kimandolu haongelei presha wala kisukari. Naongelea ndege za kukodi, zile za kifahari zinazovuka bahari bila kutua kuongeza mafuta. Na kabla hujaniandikia kwamba nina wivu, soma mpaka namba 7. Tajiri anayekodi ndege kwa hela yake simsemi. Hapo KIA zinatua kila msimu na wageni wa Serengeti, wanaacha dola, karibuni sana. Namsema kiongozi wa umma anayepanda ndege ya kukodi halafu akiulizwa bei anakasirika.

2.
Kwanza tuelewe biashara yenyewe. Ndege ya kukodi hulipiwa kwa saa ya kuruka. Kama makao yake ni Abu Dhabi na wewe uko Nairobi, unalipia pia inapokuja kukuchukua ikiwa tupu, na inaporudi kwao ikiwa tupu. Ongeza ada ya kutua, ya kuegesha, vibali vya kupita anga za watu, hoteli ya marubani. Na safari ya saa 14 au 15 haiendeshwi na marubani wawili tu, lazima wawepo wa kupokezana. Kwa hiyo mtu akikutajia bei ya kwenda tu, jua hajakutajia bei.

3.
Sasa mfano. Mei 2024 Rais Ruto wa Kenya alikwenda Marekani kwa ziara ya kitaifa. Alipanda ndege ya kampuni ya Royal Jet ya Abu Dhabi, Boeing iliyotengenezwa kwa ajili ya wakubwa. Magazeti ya kwao yakasema gharama inafika karibu shilingi milioni 200 za Kenya. Yeye akajibu kwamba ilikuwa nafuu kuliko Kenya Airways, baadaye akasema haikuzidi milioni 10, na kwamba marafiki walisaidia.

Haya, tupige hesabu kama tunavyopiga dozi. Milioni 10 kwa wakati ule ni kama dola 76,000. Nairobi mpaka Atlanta na kurudi ni kama saa 30 angani. Gawanya: dola 2,500 kwa saa. Ndege ya ukubwa huo inakunywa zaidi ya tani mbili za mafuta kwa saa. Hapo hela yote imeishia kwenye tenki, na rubani hajalipwa, na zile safari za tupu hatujazigusa. Kwa hiyo kuna mtu alilipa kilichobaki. Nani? Na anadai nini?

Tena Kenya Airways wana safari ya moja kwa moja Nairobi mpaka New York tangu Oktoba 2018. Ndege ya taifa lake mwenyewe. Mwezi mmoja baada ya ziara ile, Juni 25, vijana waliingia bungeni Nairobi wakipinga muswada wa fedha ambao ulianza na kodi ya asilimia 16 kwenye mkate. Sisemi ndege ndiyo iliwatoa nyumbani. Nasema ukimwambia mtu akaze mkanda, anaangalia kwanza wa kwako.

4.
Mtanzania usicheke jirani. Sisi tunayo Gulfstream G550 iliyonunuliwa enzi za Mzee Mkapa, inaruka kama kilomita 12,500 bila kutua. Na mnaikumbuka ile kauli inayohusishwa na waziri wa fedha wa wakati ule, Basil Mramba: ndege itanunuliwa hata ikibidi wananchi tule nyasi. Miaka zaidi ya 20, kauli bado iko vijiweni. Watu wanasahau bei, dharau hawaisahau.

5.
Utaniambia: usalama. Sawa, rais anahitaji ulinzi, hilo sibishi. Utaniambia: muda. Sawa, ila ndege ya abiria inatoka hapo KIA usiku na asubuhi uko Amsterdam. Utaniambia: heshima ya nchi. Hapo nakataa. Heshima ya nchi haipimwi kwa viti vya ngozi. Wauguzi tunaijua sehemu inapopimwa: mama mwenye uchungu pingamizi saa nane usiku, rufaa imeandikwa, na ndugu zake wanaambiwa wachange mafuta ya gari la wagonjwa. Nimeshaona hilo kwa macho yangu. Wale ndugu walichanga mia tano, elfu moja, na kila shilingi iliandikwa kwenye karatasi ili asidhulumiwe mtu.

Na ile ya "rafiki kanilipia" ndiyo mbaya kuliko zote. Mimi mgonjwa akinipa bahasha, maadili ya kazi yananikataza, maana kesho atataka aruke foleni. Sasa rafiki anayempa rais ndege nzima, yeye foleni yake ni ipi? Bandari? Ardhi? Madini?

6.
Lakini sikiliza, ndege kubwa ya kuvuka bahari inaweza kuwa kitu chema. Arusha tunalijua hilo. Mei 6, 2017, basi la shule ya Lucky Vincent lilitumbukia korongoni Rhotia, Karatu. Walikufa watu 35: wanafunzi 32, walimu wawili na dereva. Watoto watatu walipona, wameumia vibaya. Siku chache baadaye ndege aina ya DC-8 ya shirika la Samaritan's Purse iliwachukua hapo KIA, wakaenda kutibiwa Sioux City, Iowa. Agosti walirudi.

Mji mzima ulijua nani kalipia, nani kapanda, wanakwenda wapi na kwa nini. Hakuna aliyenung'unika. Kwa hiyo msitudanganye kwamba wananchi hatupendi ndege. Tunachokataa ni kufichwa.

7.
Ninachodai ni kidogo. Wodini morfini inafungiwa kwenye kabati la kufuli mbili. Kila ampuli naiandika: nani kapewa, kiasi gani, nani kashuhudia. Ampuli moja ikipotea, zamu nzima haiondoki mpaka ielezwe. Kama mimi wa diploma nasaini dawa ya mililita moja, kiongozi anashindwaje kusaini ndege?

Mistari mitatu tu, itangazwe kabla ya kuondoka: Nani analipa? Kiasi gani, pamoja na safari za tupu? Kwa nini siyo ndege ya abiria? Mbunge wako muulize hayo safari hii akija kuomba kura, usimuulize kofia na kanga.

Anayebishana aje na hesabu, matusi nafuta. Sehemu ijayo: magari ya wakubwa na bei ya tairi moja.