Jamani, tuache kukimbilia kufomati!

Kuna ugonjwa umeingia miongoni mwetu wapenzi wa Linux. Mtu anaichezea Gentoo yake mpaka inakuwa ya kwake peke yake: kerneli kaijenga mwenyewe, programu kazikompaili mwenyewe. Siku mbili baadaye programu za mfumo zinaanza kufa moja baada ya nyingine. Anafanya nini? Anafomati! Sasa naomba kuuliza: ushahidi umeshaufuta, chanzo utakijuaje?

Sisi waandishi wa habari tukio likitokea tunakwenda kwanza kwa mashahidi. Kompyuta nayo ina mashahidi wake, tena hawaombi hata nauli. Programu ikifa, andika papo hapo echo $? utapata namba. Ukiona 139, toa 128, inabaki 11: programu imegusa sehemu ya memori isiyoruhusiwa. Ukiona 132, inabaki 4: prosesa imepewa amri isiyoijua. Hii ya pili huwapata sana wanaokompaili kwa -march=native halafu wakahamishia diski kwenye mashine ya zamani zaidi. Hapo hakuna kilichoharibika. Nguo imeshonwa kwa kipimo cha mtu mwingine, basi.

Kisha soma dmesg. Mara nyingi mstari wa kosa unataja hata laibrari ambamo programu imefia. Jiulize: mara ya mwisho nilibadilisha nini? Rudisha kitu kimoja, jaribu, ndipo uende kingine. Ukibadilisha vitano kwa mpigo, hata ukipona hutajua dawa ilikuwa ipi.

Na kama leo inakufa hii, kesho ile, bila mpangilio, ishuku RAM yenyewe. Iache Memtest86+ ifanye kazi usiku kucha. RAM ikiwa mbovu, fomati hata mara saba, mfumo mpya nao utakufa vilevile, na picha zako za harusi zitakuwa zimeshakwenda na maji.

Najua wapo watakaosema kufomati ni haraka. Sawa, kuna siku hakuna budi, kwa mfano mfumo ukishaingiliwa na wadukuzi. Lakini mfumo uliogoma kuwaka unaweza kuufikia kwa flashi, ukaingia ndani kwa chroot na kutibu panapouma, au angalau ukaokoa mafaili yako kwanza.

Tangu Richard Stallman atangaze mradi wa GNU mwaka 1983, watu wa programu huria wamepigania haki ya mtumiaji kuichunguza programu na kuibadili. Sisi tumeushikilia uhuru wa kubadili, ule wa kuchunguza tumewaachia wengine. Halafu tunajiita mafundi! Anayefomati bila kusoma logi hajatengeneza kitu, ameahirisha tu tatizo, na likirudi litamkuta hajui zaidi ya alivyojua jana.

Mnasemaje wadau?