Chuma Kabla ya Rangi

Jumapili ya kwanza ya kila mwezi, baada ya swala ya Alasiri, ua wa nyuma wa msikiti wetu hugeuka mahali ambapo mpita njia angeweza kudhani ni duka la vyuma chakavu. Vijana kumi na mmoja wa mtaa, wote mafundi wa kuchomelea, hutandika magunia chini ya mwarobaini na kuyapanga juu yake waliyoyatengeneza ndani ya mwezi: fremu ya dirisha, jiko la mkaa, miguu ya kitanda, bawaba za geti, rafu ya kuwekea viatu. Pembeni huwekwa ndoo ya vipande vya mazoezi. Hakuna kinachouzwa. Wanakuja kuonyeshana.

Sharti la baraza hilo ni mawili. Kazi isiletwe ikiwa imepakwa rangi, na kila fundi alete angalau kipande kimoja kilichoharibika mikononi mwake. Sharti la pili ndilo lililotushangaza sana sisi tuliokaa madarasani, maana tulizoea kupeleka mbele ya walimu kile tulichokihifadhi vizuri na kuficha tulichokisahau.

Wasomaji wetu wa siku nyingi wanajua kuwa safu hii haina desturi ya kuisifu kamati pale isipostahili, kwa hiyo hatuna budi kueleza baraza hili lilizaliwaje. Kabla ya Ramadhani ya mwaka jana tulihitaji reli ya kushikia kwenye ngazi za mahali pa kutawadhia. Tuliuliza bei kwa mafundi watatu, tukachagua ya chini kuliko zote, kisha tukaipunguza tena. Tukamhimiza fundi, kijana wa miaka ishirini na miwili, amalize kabla ya Ijumaa kwa kuwa tulitarajia wageni. Alipouliza kama azungushe mchomo kwenye kitako chote cha nguzo, mmoja wetu alimjibu kuwa asijisumbue, ashikize tu kisha apake rangi, kwani reli si daraja la magari.

Reli ikasimama miezi minne, ya kijani, inang'aa. Alfajiri moja mzee wetu, ambaye amekuwa akiadhini hapa tangu sisi tukiwa watoto, aliiegemea akiwa na miguu iliyolowa. Nguzo ikang'oka na mzee akavunjika kifundo cha mkono. Tulipoichunguza tuliona nukta nne za mchomo, kila moja ndogo kuliko punje ya hindi, na pengo lililobaki likiwa limejazwa puti na kufunikwa kwa rangi.

Kwa siku tatu tulimlaumu fundi. Siku ya nne alikuja mwenyewe, reli ile begani, akaiweka uani mbele ya mafundi wenzake aliowaita, akawaonyesha zile nukta na kuwaambia kuwa hiyo ni kazi yake. Hakutaja maneno yetu. Tulisubiri ayataje, hakuyataja. Ikabidi sisi ndio tuyataje, mbele ya mzee aliyekuwa amekaa kitini, mkono wake ukiwa kwenye plasta.

Sote tunakisoma kisa cha Mtume (s.a.w.) kupita sokoni, akaingiza mkono katika rundo la chakula na vidole vyake vikakuta umajimaji. Mwenye mali akajitetea kuwa kimenyeshewa na mvua. Akaulizwa kwa nini hakuuweka ule uliolowa juu, watu wauone. Tumekifundisha kisa hicho mara nyingi tukiwalenga wauza nafaka na maziwa. Hatukuwahi kukifikiria kwenye puti. Na tulipokifikiria, tulikuta kuwa kuna mnunuzi ambaye kwa bei yake na haraka yake humwomba muuzaji amfiche, kisha hujifanya ametapeliwa. Sisi tulikuwa mnunuzi huyo.

Turudi kwenye ndoo ya vipande, maana humo ndimo tulimojifunza zaidi. Kipande cha kawaida ni bamba la chuma lililojaa mistari ya mchomo, mmoja chini ya mwingine. Mistari ya juu imepinda na kuvimba hapa, kukonda pale. Kadiri unavyoshuka inanyooka, na mawimbi yake yanalingana. Anayeyakumbuka madarasa ya chuo cha Qur'ani ataliona bamba hilo kuwa ni ubao wa mtoto, ule ulioandikwa, ukafutwa na kuandikwa tena. Hakuna mzazi anayemcheka mwanawe kwa alifu iliyopinda. Lakini kijana akirudi nyumbani na bamba kama hilo huulizwa ameleta takataka gani.

Lipo pia jaribio ambalo mafundi hawa wanalipenda kuliko maneno. Vipande viwili vya bamba la milimita 6 huunganishwa mfano wa herufi T, mchomo ukapigwa upande mmoja tu. Kikishapoa, kipande kilichosimama hugongwa kwa nyundo kubwa kielekee upande wa mchomo hadi kiungo kipasuke au bamba lenyewe likunjike. Likikunjika bila kupasuka, watu husema mashaallah. Kikipasuka, wote huinama kusoma ndani. Mahali pa kijivu chenye chembechembe chuma kilishikana kweli. Mahali palipo laini na pa kung'aa, mchomo ulilala juu tu wala haukuingia, aghalabu kwa sababu umeme uliwekwa mdogo. Weusi ulionaswa katikati ni ile taka ambayo kamusi haioni haya kuiita mavi ya chuma. Fundi hakuisafisha kabla ya kupitisha mstari wa pili. Na vitundu, vile vinavyofanana na vya mkate wa kumimina, hutokana na kutu, rangi, mafuta au unyevu.

Unyevu huo katika Dar es Salaam yetu si jambo dogo. Vijiti vya kuchomelea vinavyotumika sana mtaani ni vya namba 6013, ambavyo huvumilia kiasi. Tarakimu 60 humaanisha kuwa chuma chake kinahimili mvuto wa paundi 60,000 kwa inchi ya mraba. Vya namba 7018 vina nguvu zaidi, lakini ganda lake hunyonya unyevu wa hewa, na hidrojeni itokanayo na maji hayo huweza kuupasua mchomo baada ya kupoa, fundi akiwa ameshalipwa na kuondoka. Mmoja wa mafundi hawa huvihifadhi vyake ndani ya friji bovu lenye balbu inayowaka usiku na mchana. Tulimcheka alipotueleza, kumbe ndivyo wafanyavyo wengi wenye kujua.

Kijana wa reli alileta vipande vya namna hii kila mwezi. Katika Jumapili tatu za mwanzo vyote vilipasuka.

Hapa tuseme kidogo na wazazi. Baadhi yetu huitumia hadithi mashuhuri ya muuza miski na mvuvia mvukuto kama hoja ya kumdharau mfua chuma, hata mama mmoja alitueleza kuwa ndiyo iliyomfanya amkataze mwanawe kwenda kujifunza Gerezani. Hadithi ile inazungumzia rafiki wa kuandamana naye. Haikuja kuihukumu kazi. Khabbab bin al-Aratt (r.a.), miongoni mwa waliotangulia katika Uislamu, alikuwa mfua chuma Makka, na kisa chake cha kumdai al-As bin Wail ujira wake, na kuambiwa aikane dini kwanza ndipo alipwe, kimetajwa kuwa sababu ya kuteremka aya katika Sura Maryam. Ibrahim, mwana wa Mtume (s.a.w.), alilelewa Madina katika nyumba ya mfua chuma aitwaye Abu Sayf. Anas (r.a.) anasimulia walivyomkuta akivuvia mvukuto na nyumba imejaa moshi, naye Anas akatangulia mbio kumwambia asimamishe, Mtume amefika. Mtume akamwita mtoto na kumkumbatia. Na Nabii Daud (a.s.), aliyelainishiwa chuma, katika Sura Saba aliamrishwa kutengeneza deraya na kupima sawasawa katika kuunganisha viungo vyake. Hatuoni namna ya kuisoma amri hiyo kisha tukamwambia fundi ashikize tu na apake rangi.

Lakini wanaowakataza wana wao wana hofu moja ambayo ni ya haki, nayo ni macho. Mwanafunzi mmoja wa fundi, wa miaka kumi na sita, alishikilia vyuma mchana kutwa akiwa amevaa miwani ya jua. Usiku wa manane aliamka akipiga kelele kuwa macho yake yamejaa mchanga. Mama yake akamwekea vipande vya kiazi mbichi, kama wafanyavyo wengi. Mwanga wa kuchomelea una mionzi inayounguza ngozi ya nje ya jicho jinsi jua liunguzavyo mgongo, na maumivu huja saa kadhaa baadaye, ndiyo maana wengi hawaelewi yametoka wapi. Kwa kawaida hupungua ndani ya siku moja au mbili, lakini jicho hilo linatakiwa kuonwa na mganga wa hospitali. Kiazi hakiponyi, na uchafu wake huweza kuzidisha madhara. Miwani ya jua si kinga. Inatakiwa ngao ya uso yenye kioo cha namba 10 au 11, kwa anayechoma na kwa anayeshika, na watoto wanaosimama kutazama wafukuzwe, hata ikibidi kwa ukali.

Moshi nao usidharauliwe. Mwaka 2017 shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani liliuweka moshi wa kuchomelea katika kundi la vitu vinavyojulikana kusababisha saratani kwa binadamu. Karakana ya chumba kimoja chenye mlango mmoja haifai. Bomba lililopakwa zinki likichomwa bila kuondolewa zinki hiyo humletea fundi homa na kutetemeka usiku, akadhani ni malaria. Kamati imenunua ngao nne kutoka katika sanduku la Ijumaa. Kuna waliouliza kama hayo ni matumizi ya msikiti, nasi tuliwajibu kwa kuwaonyesha yule mzee.

Kwa familia zinazotaka kutengenezewa geti au madirisha, ombi letu ni dogo: nendeni mkaione kazi kabla haijapakwa rangi, na mkubaliane tangu mwanzo kuwa mtaiona. Unene wa chuma, urefu wa mchomo na siku ya kumaliza viandikwe. Mambo ya mkataba wa kutengenezewa kitu, na tofauti za mafaqihi kuhusu malipo ya kutanguliza, yana urefu wake. Inshaallah tutayaleta wiki nyingine. Fundi atakayetaja bei ya juu kwa sababu anazungusha mchomo wote, msimkimbie kabla hamjamsikiliza.

Mwezi uliopita jeneza la msikiti lilikuwa limechakaa, kutu imekula miguu. Kikao cha kamati kilirefuka. Mhazini alikumbusha ya reli na kusema waziwazi kuwa hawezi kukubali jina lile lile. Aliyetutoa kwenye mvutano ni mzee mwenyewe, ambaye mkono wake umepona ingawa hauzunguki kama zamani. Alisema anamtaka kijana yule, kwa kuwa ndiye fundi pekee ambaye yeye amekwisha kuyaona makosa yake yote.

Tulimlipa bei aliyoitaja. Jumapili ya baraza alilileta likiwa chuma kitupu, michomo yote iko wazi, akawaachia wenzake walizunguke kwa nyundo ndogo na tochi. Waligonga kila kiungo. Kimoja, karibu na mshikio wa nyuma, mwenzake mmoja alikitilia shaka. Kikasagwa na kuchomwa upya hapo hapo. Kisha mifuko miwili ya saruji, kilo 50 kila mmoja, ikalazwa juu yake, wanaume sita wakalibeba hadi barabarani na kurudi, mzee akitembea kando na mkono wake mzima ukiwa juu ya chuma. Walipolitua chini, mhazini alipiga magoti akaangalia miguu yote minne, akainuka bila kusema neno na kwenda kuleta kopo la rangi.