Afya ya Nyumba Zetu: Goti Lisilotulia

Huku kwetu Kabambare mtu aliyekwisha kupata wajukuu huulizwa kwanza habari za watoto, kisha habari za mihogo, na mwisho habari za magoti. Hilo la tatu hujibiwa kwa mzaha, nasi sote twacheka. Lakini kwa muda wa miaka miwili nyumbani mwetu wenyewe hapakuwa na kicheko, na ndiyo sababu juma hili twaliweka kando jambo la vyandarua tulilokuwa tumeliahidi, tupate kusema habari ya goti.

Mama yetu mzazi alianza kulalamikia goti la kuume wakati wa kuvuna mpunga. Mwanzo lilimwuma akishuka mtoni na ndoo kichwani. Baadaye likamwuma hata akiinuka kitini. Asubuhi lilikuwa gumu kama bawaba yenye kutu, akitembea kidogo likalegea. Sisi tuliosoma, tunaowachorea watoto wa watu mifupa na viungo ubaoni, tulimwambia, «Pumzika, mama.» Akajibu, «Mwanangu, nikipumzika mtakula nini?» Mazungumzo yakaishia hapo, na kosa la kuyaacha yaishie hapo ni letu.

Basi mama akajitafutia dawa. Jirani mmoja akamchanja kwa wembe kuzunguka goti, akampaka unga mweusi. Hakupona; tena twamshukuru Mungu kwamba hakupata ubaya mwingine, kwani wembe uliokwisha kugusa damu ya mtu waweza kumletea mwingine ukimwi na homa ya ini, na kidonda kichafu chaweza kuleta pepopunda. Kisha akampata mchuuzi wa sokoni, aliyemwuzia vidonge vidogo vilivyofungwa katika kipande cha karatasi, visivyo na jina wala maandishi. Ajabu ni kwamba vidonge vile vilimsaidia! Siku ya tatu alikwenda shamba bila kuchechemea, akamsifu mchuuzi yule kuliko waganga wote wa hospitali.

Miezi ikapita. Uso wake ukawa wa mviringo kama mwezi, nasi tukadhani amenawiri. Ngozi ya mikono ikawa nyepesi, ikaota madoa ya damu kwa kuguswa tu. Usiku akawa na kiu isiyokwisha. Na kila alipokosa vidonge kwa siku mbili, goti lilirudi na ukali wake wote, na mwili mzima ukalegea. Hapo ndipo tulipompandisha pikipiki kwenda kituo cha afya.

Mwuguzi alimtazama usoni kabla ya kulitazama goti, akauliza, «Mama, unakunywa vidonge gani?» Alitambua mara moja. Dawa za namna ile, ambazo mara nyingi huwa ni deksametasoni au prednisoloni, si sumu. Madaktari huokoa roho za watu kwazo. Huzima uvimbe na maumivu upesi, na ndiyo maana wachuuzi wazipenda. Lakini zikitumiwa muda mrefu bila kipimo hupandisha sukari ya damu na shinikizo la damu, hudhoofisha mifupa, huupunguzia mwili nguvu ya kupigana na magonjwa. Na haziliponyi goti hata kidogo. Jambo la hatari zaidi, ambalo sisi hatukulijua, ni kwamba aliyezizoea hapaswi kuziacha kwa ghafula. Mwili wake umekwisha kusahau kujitengenezea kitu cha namna hiyo, na akizikatiza siku moja aweza kuanguka na hata kufa. Yampasa apunguziwe kidogo kidogo na mganga. Mwuguzi wetu hakugombeza mtu. Aliandika karatasi, akatutuma hospitali kuu.

Hapa twaomba ruhusa tutoke kidogo nje ya njia. Watu wengi hudhani kwamba kuanzia kituo cha afya ni kupoteza wakati, heri kwenda moja kwa moja hospitali, au Bukavu kwa mwenye uwezo. Lakini jirani zetu wa Kasongo wana habari ya kutufundisha. Katika miaka ya 1970 Chuo cha Magonjwa ya Nchi za Joto cha Antwerpen, Ubelgiji, kiliendesha huko Mradi wa Kasongo. Walisambaza vituo vya afya, wakaweka wauguzi waliofunzwa kumsikiliza mgonjwa na kumfuatilia, na hospitali ikabaki kwa mambo yanayoishinda nguvu ya kituo. Mafunzo ya kazi ile yalisomwa na waganga wa nchi nyingi, na mpango wa nchi yetu wa maeneo ya afya wafuata njia ya namna hiyo hiyo. Kwa hiyo karatasi ile ya mwuguzi si kipande cha kutupwa: inamweleza daktari yaliyokwisha kufanyika, naye daktari humwandikia mwuguzi yatakayofuata. Twajua kwamba vita na barabara mbovu vimeviumiza vituo vingi, na kwamba pengine mtu hufika akakuta kabati tupu. Hata hivyo, mwuguzi asiye na dawa lakini ajuaye kuuliza ni bora kuliko mchuuzi mwenye gunia la dawa.

Huko hospitali walimpima mama sukari, wakakuta imepanda. Walilipiga goti picha, wakasema gegedu limelika. Gegedu ni ule utando mweupe, laini na mgumu, mnaouona kwenye ncha za mifupa ya kuku. Ndio unaofanya mifupa iteleze bila kusuguana. Hulika kwa umri, kwa jeraha la zamani, kwa uzito wa mwili, na kwa kazi ya kupiga magoti na kubeba mizigo miaka mingi. Wanawake wetu na vikapu vyao, na vijana wachimbao dhahabu Salamabila wakibeba magunia ya mawe, wote wanalitumia goti kama gari lisilopewa grisi. Daktari alituambia jambo lililotushangaza: kila kilo moja mtu anayoipunguza mwilini huliondolea goti mzigo wa kama kilo nne katika kila hatua.

Dawa aliyopewa mama ilikuwa ya bei ndogo kuliko vidonge vya soko. Parasetamoli siku za maumivu, isiyozidi vidonge vinane vya miligramu 500 katika mchana na usiku. Ibuprofeni hakupewa, kwani tumbo lake lilikwisha kuchubuka. Dawa hiyo huliwa pamoja na chakula, nayo haiwafai wenye vidonda vya tumbo, wala wenye ugonjwa wa figo, wala wajawazito wasioagizwa na mganga. Kisha akafundishwa zoezi. Akae kitini, aunyoshe mguu mpaka uwe sawasawa, auzuie hapo kwa hesabu ya kumi, aushushe polepole. Mara kumi asubuhi, mara kumi jioni. Mama alicheka sana. «Nimekuja na goti bovu, nanyi mwanipa mchezo wa watoto wa shule!» Lakini misuli ya paja ndiyo inayolishika goti, nayo ikidhoofu goti hubaki peke yake. Majuma matatu ya kwanza hakuona faida yoyote. Juma la sita au la saba alianza kuinuka bila kushika meza. Alipewa na fimbo, akaishika mkono wa kuume upande wa goti bovu kama tufanyavyo wote; daktari akamhamishia mkono wa kushoto. Jaribuni wenyewe, mtaona jinsi uzito unavyoondoka upande wenye maumivu.

Lakini si kila goti ni goti la mama yetu, na hapa twasema kwa nguvu. Goti likivimba na kuwa la moto ghafula, mtu akawa na homa na hawezi kukanyaga, huenda mna usaha ndani. Huo ni ugonjwa wa leo, si wa kesho, kwani kiungo chaweza kuharibika kwa siku chache. Mtoto wa shule aumwaye goti, kisha kifundo cha mguu, kisha kiwiko, baada ya kuumwa koo, apelekwe upesi, maana homa hiyo ya viungo hula moyo. Mtoto apatwaye mara kwa mara na maumivu ya mifupa, mwenye macho ya manjano na damu pungufu, apimwe ule ugonjwa wa damu ambao kwetu huitwa SS. Goti moja linalovimba polepole miezi na miezi, huku paja likikonda na mwenyewe akitoka jasho usiku, laweza kuwa na kifua kikuu, ambacho hushika hata viungo. Tena mtoto akichechemea na kuonyesha goti, mganga atazame na nyonga, kwa sababu nyonga mbovu hupeleka maumivu yake gotini.

Wako wanaofika mahali ambapo zoezi na vidonge havitoshi. Kwa hao yako matengenezo ya kubadilisha goti zima kwa la chuma na plastiki, kama yanavyofanywa Dar es Salaam katika Taasisi ya Mifupa ya Muhimbili. Lakini gharama yake ni kubwa, nasi hatutaki kumdanganya mkulima wa Kabambare kwamba njia hiyo i wazi kwake.

Limebaki neno moja la aibu. Katika miezi ile mibaya mama aliacha Misa ya Dominika. Alituambia ni barabara, lakini baadaye tulijua kwamba aliona haya kubaki ameketi wenzake wakipiga magoti. Wako wengi kama yeye. Basi na wajue kwamba Mwongozo wa Misale ya Roma, katika namba 43, wawataka waamini wapige magoti wakati wa mageuzo isipokuwa wakizuiwa na afya au sababu nyingine ya haki. Na asiyepiga magoti huinama sana wakati padri apigapo goti baada ya mageuzo. Tulimsomea mama maneno hayo mara mbili. Mara ya tatu alitwaa miwani akajisomea mwenyewe.

Sasa huketi kwenye benchi la pembeni, karibu na nguzo, fimbo ikiegemea ukutani. Vidonge vya mchuuzi alivimaliza kuviacha baada ya miezi minne, na uso wake umerudi kuwa ule tuujuao. Mpunga mwaka huu amepanda nusu ya shamba tu. Nusu nyingine twalima sisi siku za Jumamosi, naye hukaa kivulini akitusahihisha mistari.