Haya ya Mwanzo

Mtoto wa Ipyana apatapo safari ya kwenda Matema siku ya Jumamosi, huona jambo zuri katika gulio la Lyulilo. Mitumbwi hufika ufukoni mwa Ziwa Nyasa imepakia vyungu, kazi ya wanawake wa Kikisi wakaao chini ya milima ya Livingstone. Vyungu hivyo vimeviringana sawasawa, kana kwamba vilipimwa kwa bikari. Mtoto huvitazama, huvisifu, kisha husema moyoni mwake, “Kazi kama hii mimi siiwezi.”

Neno hilo amelipata wapi? Hajashika udongo hata siku moja. Hakujaribu akashindwa, ameshindwa kabla ya kujaribu. Mwenziwe apendaye kuchora huficha karatasi yake mwalimu apitapo. Na yule mwenye sauti nzuri huimba akiwa peke yake katika mpunga, lakini mbele ya watu hunyamaza. Wote watatu wana ugonjwa mmoja, nao ni haya ya mwanzo.

Watu wengi hudhani ya kuwa mtu hupata moyo kwanza, ndipo aanze kazi. Sivyo. Kazi ndiyo impayo mtu moyo. Mfinyanzi naye alikuwa na chungu chake cha kwanza, kilichokwenda upande au kupasuka motoni. Tofauti yake na mtu mwingine ni hii, kwamba yeye alifinyanga cha pili. Papo kwa papo kamba hukata jiwe.

Tazameni habari za Siti binti Saad. Alizaliwa Fumba, katika kisiwa cha Unguja, yapata mwaka 1880, katika jamaa ya wafinyanzi. Alichukua vyungu kichwani akavinadi njiani kwa sauti yake. Mwaka 1911 alihamia mjini, naye alikuwa mtu mzima, si mtoto tena. Huko akajifunza kuimba. Taarabu ya siku zile katika jumba la Sultani iliimbwa kwa Kiarabu. Siti akaiimba kwa Kiswahili, lugha ya watu wa sokoni na wa shamba. Je, hawakumcheka? Walimcheka sana, hata wakamtungia wimbo wa kumkumbusha kwamba ametoka shamba na kaniki yake. Siti hakukimbia. Aliwajibu kwa wimbo. Mwaka 1928 alivuka bahari mpaka Bombay, sauti yake ikatiwa katika sahani za santuri, zikauzwa pande zote za pwani. Alikufa mwaka 1950, na Shaaban Robert aliandika kitabu cha maisha yake. Waliomcheka hakuna awakumbukaye kwa majina.

Wako wazee wasemao, “Mtoto wa Kyela na alime mpunga na kakao, michoro na nyimbo hazijazi ghala.” Neno lao si la kudharauliwa, maana njaa haina mzaha. Walakini Siti hakuutupa urithi wake alipoanza kuimba. Sauti iliyonadi vyungu ndiyo iliyoimba. Vivyo hivyo mtoto aujuaye mpunga tangu kupanda hata kuvuna, ana vitu vya kuchora na maneno ya kutungia ambayo mtoto wa mjini hana. Sanaa mpya haimwondoi shambani, bali humfumbua macho alione shamba lake vema zaidi.

Yafaa kuonya mambo mawili. La kwanza, moyo si majivuno. Siti alipofika mjini alikaa chini ya waliomtangulia, akafundishwa. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. La pili, lawama si ya mwenye haya peke yake. Mwanafunzi amchekaye mwenziwe kwa mchoro wake wa kwanza hufanya ubaya mkubwa kuliko adhanivyo. Kicheko chake hukoma kabla ya kengele kulia, lakini huenda kimezima kazi ambayo ingedumu miaka arobaini.

Basi mwenye haya asingoje siku ambayo haya itamtoka, kwa maana siku hiyo haiji kwa kungojewa. Mkaa wa kuchorea upo jikoni. Udongo upo chini ya miguu. Mwenye sauti hana haja ya kununua kitu. Na afanye kitu kimoja leo, hata kikiwa kibaya, akamwonyeshe mtu mmoja amwaminiye. Kesho afanye cha pili.